Mkondo wa leza ya pampu umepanda na makosa ya data yameongezeka: je, ninunue amplifaya ya faiba kubwa zaidi?

"Shikamoo mtaalamu. Ninasimamia njia ya faiba ya kampuni ndogo ya intaneti, kutoka Dodoma hadi Singida, kama kilomita 240, na katikati, Manyoni, tuna kituo cha amplifaya, kifaa cha kukuza mwanga. Tunapitisha chaneli 8 za gigabiti 100 kila moja. Tulipowasha njia hii miaka miwili iliyopita, amplifaya ya Manyoni ilikuwa inapokea −21 dBm kwa jumla na kutoa +9 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mwanga; kadiri inavyokuwa hasi zaidi, mwanga ni dhaifu zaidi), na mkondo wa leza ya pampu, ile inayoipa amplifaya nguvu, ulikuwa miliampea 240. Leo inapokea −26 dBm, bado inatoa +9 dBm ileile, lakini mkondo umefika miliampea 390. Kule Singida makosa ya biti kabla ya kusahihishwa na vifaa yameongezeka mpaka alamu zinalia usiku. Kituo kinategemea sola na betri, kina kiyoyozi kimoja, na mwezi uliopita betri ziliisha alfajiri mara mbili. Bosi anasema amplifaya imechoka, tununue yenye nguvu zaidi. Mimi nahofia itakula umeme zaidi. Nifanye nini ili hii niliyonayo ifanye kazi kwa ufanisi?"

Marahaba. Umefanya vizuri kuja na vipimo vya zamani na vya sasa, maana wengi huniandikia "njia imekuwa mbaya" wakaishia hapo. Vipimo vyako vinatosha kunipa jibu la kwanza: msinunue kitu kwa sasa. Uwezekano mkubwa ni kwamba amplifaya yenu haijachoka, ila inaletewa mwanga kidogo mno. Kati ya Dodoma na Manyoni zimepotea desibeli 5 ambazo hazikuwa zikipotea mwanzoni, na desibeli 5 maana yake ni kwamba mwanga unaofika leo ni kama theluthi moja tu ya ule wa zamani. Ukifunga amplifaya kubwa mahali palepale, nayo itapokea theluthi hiyohiyo, na alamu za Singida zitaendelea kulia.

Najua kinachompa bosi wako wasiwasi, na kinachowachanganya hata mafundi wazoefu: ile +9 dBm isiyobadilika. Inaonekana kana kwamba amplifaya inajitahidi, inafidia upungufu, na mwisho wa siku Singida inapata kilekile. Sivyo. Kipimo kilichomo ndani ya amplifaya hakitofautishi ishara na kelele, yaani mwanga wa ovyo usiobeba data. Kinahesabu mwanga wote unaopita na kukuambia jumla. Nimepiga hesabu kwa amplifaya ya kawaida, yenye kiwango cha kelele cha desibeli 5.5 na inayokuza upana wa nanomita 35 hivi. Miaka miwili iliyopita, katika kila sehemu 5 za mwanga uliotoka Manyoni, 4 zilikuwa ishara yenu na 1 ilikuwa kelele. Leo ishara ni kama asilimia 56, na asilimia 44 ni kelele tupu. Kwa hiyo ishara halisi inayoondoka kwenda Singida ni +6.5 dBm hivi, na zilizobaki ni takataka za mwanga zinazosafiri nayo. Uwiano wa ishara na kelele unaofika Singida, kwa makadirio hayohayo, umeshuka kutoka desibeli 19 hadi chini ya 16. Chaneli za gigabiti 100 bado zinaishi hapo, lakini akiba imeliwa, na ndiyo maana makosa yameongezeka.

Hapa nirekebishe dhana nyingine, kwa sababu ndiyo mzizi wa hoja ya bosi. Amplifaya haisafishi ishara. Zamani kulikuwa na vituo vilivyosafisha kweli: kebo ya TAT-8 iliyovuka Atlantiki mwaka 1988 ilikuwa na mashine baharini zilizogeuza mwanga kuwa umeme, zikasoma kila biti, kisha zikauandika upya kama mwanga mpya. Lakini mashine hizo zilifungwa kwa kasi moja na rangi moja ya mwanga. Mwaka 1987 kundi la David Payne katika Chuo Kikuu cha Southampton, na Emmanuel Desurvire na wenzake katika maabara ya Bell kule Marekani, walionyesha kwamba faiba iliyotiwa erbi, aina ya metali, inaweza kukuza mwanga moja kwa moja, rangi nyingi kwa pamoja, bila kuugeuza umeme. Hiyo ndiyo iliyotufungulia dunia, pamoja na sisi huku: kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilizofika Afrika Mashariki mwaka 2009 zinasukumwa na amplifaya za aina hiyo. Gharama ya urahisi huo ni kwamba kila kinachoingia hukuzwa, kiwe kizuri au kibaya, na amplifaya yenyewe huongeza kelele yake juu.

Kelele hiyo inatoka wapi? Ndani ya kile kisanduku kuna faiba ya mita chache hadi makumi machache, iliyozungushwa kama uzi kwenye kibiringo, na kioo chake kina ioni za erbi, yaani atomu zenye chaji ya umeme. Leza ya pampu, mara nyingi ya nanomita 980, inazipandisha ioni hizo ngazi ya juu, kama unavyosukuma maji kwenda kwenye tangi la mnarani. Huko juu hukaa kwa wastani wa milisekunde 10, muda mrefu sana kwa mambo ya mwanga. Fotoni ya ishara, yaani chembe ya mwanga, ikipita, inaishusha ioni, na ioni katika kushuka inatoa fotoni pacha: rangi ileile, mwelekeo uleule. Pacha hao wawili wanakuwa wanne, wanne wanakuwa wanane, na ishara inakua. Lakini ioni haisubiri milele. Ikikosa fotoni ya kuishusha, huanguka yenyewe na kutoa mwanga wa ovyo, na mwanga huo wa ovyo nao unazaa mapacha njia nzima mpaka mlangoni.

Sasa fikiria ishara ikiingia ikiwa dhaifu. Ioni zilizo juu ni nyingi, wateja ni wachache. Nyingi zinaanguka zenyewe, na nguvu mliyolipia kwenye pampu inatoka kama kelele. Zaidi ya hapo, ili kufikisha jumla ya +9 dBm kutokana na kianzio kidogo, amplifaya inalazimika kuzipandisha ioni nyingi zaidi, kwa hiyo inaongeza mkondo wa pampu. Hicho ndicho ulichokiona, miliampea 240 kuwa 390. Ufanisi wa amplifaya ya faiba unaanzia kwenye mlango wa kuingilia, kabla hujagusa chochote ndani yake.

Kuna mipaka ambayo hata amplifaya bora haivuki. Fotoni ya nanomita 980 ina nguvu kubwa kuliko ya ishara yenu, ya 1550 hivi, na tofauti hupotea kama joto. Kwa hiyo pampu ya 980 haiwezi kugeuza zaidi ya asilimia 63 ya mwanga wake kuwa ishara, wakati pampu ya 1480 kinadharia inafika asilimia 95. Utauliza kwa nini basi tusitumie 1480 kila mahali. Kwa sababu ya 980 inazipandisha karibu ioni zote na kuacha kelele ndogo, ilhali ya 1480 yenyewe inazishusha baadhi ya ioni ilizozipandisha. Watengenezaji wengi wanaotaka yote mawili huweka 980 hatua ya kwanza, pale ishara ilipo dhaifu na kelele inaumiza, na 1480 hatua ya pili ya kuongeza nguvu. Kelele nayo ina sakafu: kwa ukuzaji mkubwa haishuki chini ya desibeli 3, na amplifaya nzuri za madukani zinakaa kati ya 4 na 6. Mengine, kama urefu wa faiba ya erbi au alumini inayotiwa kwenye kioo ili ioni zisishikamane mbilimbili na kupokonyana nguvu, yalishaamuliwa kiwandani. Wewe huna la kufanya huko, na tafadhali usifungue kisanduku.

Kuhusu umeme, hofu yako ni ya haki lakini imeelekea kwa mtuhumiwa asiye na kosa. Miliampea 390 kwenye leza ya pampu yenye volti zinazokaribia 2 haifiki hata wati 1. Tofauti kati ya zamani na sasa haifiki theluthi moja ya wati. Kifaa kidogo kinachoipoza leza hiyo kinaweza kula wati kadhaa chumba kikiwa cha moto, na kadi nzima ya amplifaya na vidhibiti vyake hula makumi ya wati. Kiyoyozi kimoja cha kawaida kinakula karibu kilowati 1 kila kinaponguruma. Betri zenu zinaliwa na kiyoyozi. Wekeni kivuli juu ya paa la kituo, zibeni nyufa, na msome karatasi ya mtengenezaji: vifaa vingi vya mawasiliano vimeruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi joto 40 au zaidi, kwa hiyo hakuna sababu ya chumba kizima kukaa kwenye 20. Wanaohitaji ubaridi zaidi ni betri zenyewe, maana betri za risasi hupoteza karibu nusu ya maisha yake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25. Kuzitenga kwenye kabati lake na kulipoza hilo peke yake ni nafuu kuliko kupoza hewa ya chumba.

Turudi kwenye zile desibeli 5, kwa sababu hapo ndipo pa kufanyia kazi. Mimi ningeanza na konekta, na ningeanza nazo hata kama ningekuwa na uhakika kwamba kosa liko kilomita 60 porini. Kiini cha faiba kinachobeba mwanga kina upana wa mikromita 9 hivi. Unywele wa binadamu ni mara nyingi zaidi ya hapo. Chembe moja ya lile vumbi jekundu la huko, ikikaa katikati, inatosha kuziba sehemu kubwa ya mwanga wa chaneli zote 8. Nakumbuka kituo kimoja nilichoitwa baada ya wenyeji kubadilisha kadi mbili za bei mbaya. Nilipoiweka konekta ya kuingilia chini ya darubini ndogo ya mkononi, niliona kile kiduara cha kijivu cha kioo, na katikati yake, juu kabisa ya kiini, doa lenye mistari iliyopinda. Alama ya kidole. Kalamu kavu ya kusafishia ilibonyezwa mara mbili, doa likatoka, desibeli 3 zikarudi. Kadi zote mbili zilikuwa nzima.

Utaratibu wake usiurukie. Zima kwanza amplifaya ya Dodoma inayolisha upande huo na ile ya Manyoni, kisha hakikisha kwa kipimo cha nguvu kwamba mwanga umekoma kweli. Usitegemee neno la mtu kwenye simu. Mwanga wa nanomita 1550 hauonekani, na darubini isiyo na kamera huukusanya na kuupeleka jichoni. Pia konekta chafu ikipitishwa nguvu kubwa, uchafu huungua na kushikamana na kioo, na hapo hakuna kitambaa kitakachokusaidia, utakata na kuchomelea nyingine. Angalia, safisha, angalia tena, ndipo uchomeke. Fanya hivyo pande zote mbili za kila muunganiko, na paneli ya Dodoma pia. Ukiona konekta ya kijani imechomekwa kwenye ya buluu, umepata mwizi mwingine: nyuso zao zimechongwa tofauti na hazikutani sawasawa.

Kama konekta zote ni safi na −26 iko palepale, piga OTDR, mashine inayotuma mapigo ya mwanga ndani ya faiba na kuonyesha mwanga unapotelea wapi, kutoka Dodoma na kutoka Manyoni, kwa nanomita 1550 na 1625. Usipige kupitia amplifaya. Iondoe kwanza, kwa sababu ndani yake kuna kizuizi cha mwelekeo mmoja na mwanga wa OTDR hautarudi. Tazama hasa mahali ambapo upotevu wa 1625 ni mkubwa waziwazi kuliko wa 1550. Hapo faiba imepindwa au imebanwa, kwa kawaida ndani ya sanduku la viungio ambalo mtu alilifunga kwa haraka mvua ikinyesha. Kiungio kilichochomelewa vibaya chenyewe hupoteza karibu sawa kwa rangi zote mbili. Kila mara greda la barabarani linapokata kebo na nyinyi kuweka kipande, mnaongeza viungio viwili; vikichomelewa vizuri, kila kimoja kisizidi desibeli 0.1. Kwa hiyo hata mikato kumi haielezi desibeli 5. Tafuteni sehemu moja au mbili mbaya sana.

Mwanga ukisharudi, kuna marekebisho mawili ambayo hayana gharama. La kwanza ni namna amplifaya inavyojiongoza. Yenu, kwa maelezo yako, imewekwa ilinde nguvu ya jumla inayotoka. Mpangilio huo ndio uliokuficha ugonjwa kwa miaka miwili, na una hatari nyingine: siku chaneli 4 zikizimwa Dodoma, nguvu yote itagawiwa zile 4 zilizobaki, na kila moja itaruka desibeli 3 kwa ghafla. Iweke ilinde kiwango cha ukuzaji, kwenu desibeli 30, na uweke alamu ya nguvu inayoingia ikishuka chini ya −23. Alamu hiyo moja ingekuamsha mapema kabisa.

La pili ni nguvu ya kila chaneli inayoondoka Dodoma. Nakisia mko kwenye 0 dBm hivi kwa chaneli. Kwa njia ya vipande viwili tu, faiba ya kawaida, na chaneli zote za aina moja ya kisasa ya gigabiti 100, mnaweza kupanda hadi +2 na kupata karibu desibeli 2 za uwiano kwenye kipande hicho. Panda nusu desibeli kwa wakati mmoja, ukitazama makosa ya Singida. Yatapungua, yatatulia, na baada ya hapo yataanza kuongezeka tena, kwa sababu mwanga mkali hubadilisha tabia ya kioo chenyewe na chaneli huanza kuharibiana. Kelele hiyo hukua kwa kipeo cha tatu cha nguvu, kwa hiyo usiifukuzie desibeli ya mwisho. Mahali pazuri ni pale ambapo kelele ya amplifaya bado ni kama mara mbili ya kelele hii ya pili.

Na kama siku moja mtataka kweli kuongeza uwezo, mathalani kwenda gigabiti 200 kwa chaneli? Amplifaya kubwa ya erbi bado ningeiweka mwisho. Amplifaya iliyosanifiwa kwa desibeli 35 ukiitumia kwa 30 mara nyingi hupunguza mwanga kwa makusudi katikati yake, na kiwango chake cha kelele huharibika. Ukilazimika kununua, dai kuambiwa kelele kwenye ukuzaji wenu hasa, na wati inazokula chumba kikiwa nyuzi 45. Wengi huandika za nyuzi 25, ambazo kituo chenu huziona alfajiri tu.

Chaguo lenye nguvu zaidi ni la Raman: leza ya nanomita 1450 hivi inatumwa kutoka Manyoni kurudi nyuma kuelekea Dodoma, na faiba ileile ya ardhini inageuka amplifaya katika kilomita zake 20 na kidogo za mwisho. Ishara inaanza kukuzwa kabla haijadhoofika kabisa, na mnaweza kupata nafuu ya desibeli 5 hivi. Lakini kwa hesabu ya wati ni mlafi, kwa sababu pampu zake ni za mamia ya miliwati, na konekta moja chafu au kiungio kibovu karibu na kituo huungua. Kwa hali ya njia yenu ya leo nisingewashauri kabisa. Kuongeza kituo kingine katikati ya Dodoma na Manyoni kungepunguza kelele sana, ila kituo maana yake ni sola nyingine, betri nyingine, na mlinzi mwingine.

Wenzetu wa kebo za baharini wamelazimika kuwaza hivi kwa miaka, kwa kuwa umeme wote wa amplifaya za baharini unaingizwa kutoka pwani kupitia waya mmoja. Kebo kama 2Africa, inayofika Mombasa na Dar es Salaam, haikuongeza nguvu kwa kila faiba. Imeongeza jozi za faiba, hadi 16, na leza za pampu zinagawana kazi kati ya jozi kadhaa. Mwanga mdogo kwenye njia nyingi hubeba biti nyingi zaidi kwa kila wati. Kama kebo yenu ina nyuzi zisizotumika, na kebo nyingi za bara zinazo, likumbuke hilo mtakapofika kwenye mpango wa kukua.

Tafuta mtu wa kuja kwa miguu yake ikiwa OTDR inaonyesha tatizo ndani ya sanduku la viungio na hamna mashine nzuri ya kuchomelea, au kama darubini inaonyesha kioo kilichoungua. Muombe aje pia na kichanganuzi cha spektra ya mwanga. Mashine ni ghali na hamhitaji kuinunua, lakini kwa nusu saa itawaonyesha milima 8 ya chaneli zenu na kimo cha kelele katikati yake, na bosi ataiona ile asilimia 44 kwa macho yake.

Baada ya usafi na ukarabati, kabla hujabadilisha mpangilio wowote na amplifaya ikiwa bado inalinda +9 dBm, soma vipimo viwili tu. Kama mwanga unaoingia umerudi −21 na mkondo wa pampu umeshuka karibu na miliampea 240, amplifaya yenu ni nzima. Kama umerudi −21 lakini mkondo umeng'ang'ania 390 chumba kikiwa na joto lilelile la siku zote, basi bosi wako alikuwa sahihi kuhusu uchovu: leza ya pampu imezeeka, na hapo mwandikie mtengenezaji abadilishe hiyo kwa nyingine ya ukubwa uleule.